Habari ya Sabufa Iliyonyamaza

Katika vijiji vilivyofikiwa na umeme sabufa si kitu kigeni tena. Ni lile sanduku la mbao lenye spika kubwa tumboni, na spika mbili ndogo za kuweka kando. Hupokea sauti ya redio, au ya televisheni, au ya simu, nalo huikuza hata mabati ya paa yakatetemeka. Wenye nayo waijua, na majirani zao waijua zaidi. Sisi tulikuwa na moja, nayo ikanyamaza. Na kwa kuwa tuliitengeneza wenyewe juu ya meza ya kulia chakula, kwa siku nne, twaona yafaa kuwasimulia wasomaji jinsi kazi ile ilivyokwenda, pamoja na jambo jingine lililotupata ndani yake, ambalo tungalipenda lisitupate.

Tuliinunua mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya nguzo za umeme kufika kwetu. Ilitumika kwa habari za jioni, na kwa nyimbo za kwaya, ambazo mama watoto na wenzake hujifunza kwa kuzisikiliza mara nyingi mpaka kila sauti imekaa mahali pake. Hata mwezi wa Juni mwaka 2022 ikaanza kuvuma. Mvumo wenyewe haukuwa mkubwa; ulikuwa kama wa nyuki walio katika mzinga wa mbali, nao haukuzidi wala haukupungua tulipokizungusha kitufe cha sauti. Tukauzoea, kama mtu azoeavyo mlio wa mlango wake usiotiwa mafuta.

Mwezi wa Novemba mwaka ule jirani yetu alikuwa na sherehe ya kipaimara cha binti yake, akaja kuazima sabufa. Hatukumnyima. Tukamtuma mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, aliyekuwa akikaa kwetu kwa ajili ya masomo ya sekondari, aende nayo awe mlinzi wake, asimwache mtu mwingine aiguse. Alikaa nayo tangu saa nane mchana hata saa mbili usiku, akairudisha kichwani, akaiweka mahali pake. Kesho yake asubuhi tukabonyeza swichi. Ile taa nyekundu ya mbele haikuwaka. Tukachomoa plagi, tukachomeka tena. Kimya. Tukainama nyuma ya sanduku tukanusa, tukasikia harufu ya kitu kilichoungua.

Mpwa wetu akaitwa. Akasema, "Shikamoo, Mjomba," nasi hatukumwitikia upesi. Tukamwuliza alifungua sauti kiasi gani. Akajibu, "Mjomba, haikupita nusu. Wenye shughuli walitaka niongeze, nikakataa. Tena ilikuwa ikivuma tangu zamani." Yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyotuudhi, maana tulidhani anajitafutia mlango wa kutokea. Tukamwambia kwamba kitu kilichokwenda kizima kikarudi kibovu hakina wa kuulizwa ila yule aliyekuwa nacho. Maneno hayo tuliyaona mazuri wakati ule.

Siku ya Jumatatu tukaipeleka kwa fundi wa mjini. Hakuifungua. Aliitikisa, akainusa, akasema, "Hii imepigwa sana, sauti kubwa," akataja shilingi 60,000. Tukarudi nayo katika basi, na njia nzima tulikuwa na ile furaha ndogo, mbaya, ya mtu aliyethibitishiwa neno lake.

Kijana hakubishana tena. Alikuwa na kuku wanne aliowalea tangu walipokuwa vifaranga. Akauza watatu, akaongeza akiba yake ya nauli ya kwenda kwa mama yake kwa Krismasi, akatuletea shilingi 42,000 kwa mikono miwili, kama adabu ilivyo. Tukazipokea, tukazitia katika mtoto wa meza. Mama watoto akatuuliza, kijana atakwendaje kwao? Tukajibu kwamba atakwenda Pasaka. Basi Krismasi ile alikaa kwetu. Alichota maji, akapasua kuni, akaimba na wenzake, wala hakununa. Lakini hakuwasha redio, wala hakugusa kitu cho chote cha umeme katika nyumba ile. Hata simu yake alikuwa akienda kuichaji kwa jirani.

Zile shilingi 18,000 zilizopungua hatukuwa nazo, maana Januari ni mwezi wa sare na madaftari. Ndipo tulipokumbuka kwamba tumefundisha Fizikia miaka 14, na kwamba katika maabara ya shule mna mita ya kupimia umeme, na chuma cha kulehemu, vyote vimelala katika sanduku mpaka shule zifunguliwe. Tukaviazima. Jumatatu tarehe 2 Januari 2023, baada ya chakula cha mchana, tukatandika gunia juu ya meza tukaanza.

Wengi wafunguao mashine huanza na kile wanachokishuku. Mmoja hukimbilia spika, mwingine hukimbilia chipu, kwa kuwa aliona rafiki yake akibadili chipu mwaka jana. Sisi tuliwafundisha wanafunzi njia nyingine: uanze ukutani, unakotoka umeme, uufuate hatua kwa hatua, kama mtu afuatavyo mfereji tangu kijitoni hata shambani kwake, mpaka aone mahali ambapo maji yamekoma. Tukafanya hivyo. Soketi ilikuwa nzima, maana taa ya mezani iliwaka hapo. Tukachomoa plagi ya sabufa, tukaiweka mita katika kipimo cha omu, tukagusa kwa ncha zake miguu miwili ya plagi, swichi ya sabufa ikiwa imewashwa. Katika sabufa ya namna hii, yenye transfoma nzito ya chuma, mita yapasa kuonyesha makumi ya omu, kwa kuwa waya mrefu mwembamba wa transfoma umeunganisha mguu mmoja na wa pili. Mita haikuonyesha njia yo yote. Kwa hiyo tulijua jambo moja la hakika: umeme ulikuwa umekatika njiani kabla haujafika kwenye sehemu za kukuza sauti. Habari ya sauti kubwa au ndogo ilikuwa haijaulizwa bado.

Hapa yatupasa kusema neno kwa wale watakaotaka kujaribu nyumbani. Kuzima swichi hakutoshi. Plagi itoke ukutani, nayo iwekwe mahali unapoiona kwa macho. Tena usiguse kitu upesi hata baada ya kuichomoa, kwa sababu zile kapasita kubwa hushika umeme kwa muda kama mtungi unavyoshika maji. Katika sabufa yetu umeme ule ni wa volti kama 16 tu, hautamwua mtu, ila utaruka cheche na kuharibu mita. Lakini ziko mashine nyingine, nyepesi, zisizo na transfoma ya chuma, ambazo kapasita zake hushika volti zaidi ya 300. Hizo asiziguse mtu asiyefundishwa. Sisi tulichukua globu ndogo ya volti 24, yenye nyaya mbili, tukazigusisha miguu ya kila kapasita ili kilichobaki kiishe. Hakikuwamo kitu, lakini hatukujuta kuuliza.

Tukafungua skurubu nane. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka minne, mende mmoja mkavu, na ganda la mbegu ya alizeti ambalo hatujui liliingia kwa njia gani. Transfoma ilikuwa upande wa kushoto. Mbele yake kibao chenye daiodi nne na kapasita mbili kubwa. Na nyuma, juu ya bati nene la kupoozea, chipu tatu za sauti.

Kwa wale wasiozoea vitu hivi, kazi yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Umeme wa ukutani una volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 katika sekunde moja. Transfoma huushusha hata volti 12 kila upande. Daiodi ni mlango ufungukao upande mmoja tu. Nne zikipangwa vema, umeme uendao na kurudi hugeuka kuwa wa kwenda tu, ila hutoka kwa mapigo, mapigo 100 kwa sekunde. Sauti haiwezi kukuzwa kwa umeme wa mapigo. Ndiyo sababu ya zile kapasita mbili: hujazwa kila pigo lijapo, na pigo likipita huendelea kutoa, hata chipu hazijui kwamba kuna mapigo. Kapasita ikizeeka, maji yake ya ndani hukauka. Hushika kidogo, huishiwa kabla ya pigo la pili, na yale mapigo 100 hupenya mpaka kwenye spika. Hapo ndipo utakaposikia mvumo. Na kwa kuwa mvumo huo haupiti katika kitufe cha sauti, hata ukikizungusha chini kabisa hautanyamaza.

Tulizitazama kapasita zetu. Zimeandikwa mikrofaradi 4,700, volti 25, na vichwa vyake, ambavyo hutoka kiwandani vikiwa bapa, vilikuwa vimevimba kama maandazi. Basi ule mvumo wa mwezi wa Juni ulikuwa umetupa habari kwa miezi mitano, nasi tulikuwa tukizungusha kitufe. "Tena ilikuwa ikivuma tangu zamani," alisema kijana.

Tukaendelea na njia yetu. Waya wa plagi mzima. Swichi nzima. Baada ya swichi hufuata fyuzi, yaani kile kibomba cha kioo chenye waya mwembamba kama unywele, uliowekwa makusudi ukatike umeme unapozidi kipimo, ili vitu vingine vipone. Tukaizungusha holda yake, fyuzi ikatoka mkononi mwetu. Haikuwa ya kioo tena. Ilikuwa imeviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara tangu ncha moja hata ya pili.

Sisi hatuvuti sigara. Lakini karatasi ile tuliijua, maana tuliiokota wenyewe.

Ilikuwa tarehe 26 Machi 2021, siku aliyozikwa Chato hayati Rais John Pombe Magufuli. Watu wengi wa kitongoji chetu walikuja kutazama mazishi katika televisheni yetu, wakajaa sebuleni hata barazani, na walio nje hawakuona kitu, ila waliweza kusikia kwa sababu ya sabufa. Mara umeme ukaruka, ukarudi, na sabufa haikurudi. Fyuzi ilikuwa imekatika. Wazee walikuwa wameketi kwenye mikeka wakitungojea, na maduka yenye vitu hivyo yalikuwa mbali. Tukatoka, tukaokota pakiti njiani, tukafanya kile ambacho kila mwaka huwakataza wanafunzi wetu ubaoni, na sauti ikarudi. Mzee mmoja akasema, "Hiyo ndiyo faida ya kusoma." Tukaazimu kununua fyuzi halisi Jumatatu. Tangu Jumatatu ile hata siku tulipofungua sanduku ilikuwa imepita miezi 21.

Mbavuni mwa ile fyuzi, chini ya karatasi, bado yasomeka: 0.5A. Maana yake, umeme ukipita sana nusu ya Ampea, ikatike. Karatasi ya fedha haijui nusu ya Ampea ni nini. Itapitisha kadiri itakiwavyo, hata kitu kingine kiungue kwa niaba yake.

Na kitu kingine kilikuwa kimeungua. Tukaipima transfoma upande wa ukutani: imekatika. Tukabandua utepe wake wa juu, tukaona umebadilika rangi ukawa kahawia, na chini yake kile kidude kidogo ambacho viwanda hukificha ili kikate transfoma inapopata moto kupita kiasi; kilikuwa kimekata. Tukazipima daiodi. Daiodi nzima hupitisha upande mmoja na kukataa upande wa pili. Tatu zilifanya hivyo, ya nne ilipitisha pande zote mbili kama kipande cha waya. Basi habari yote ikajieleza. Daiodi ile ilikufa, labda kwa uzee na kwa kazi ya saa sita pamoja. Ilipokufa, transfoma ikawa kama imeunganishwa ncha kwa ncha, ikaanza kuvuta umeme mwingi. Fyuzi halisi ingalikatika papo hapo, na hasara ingalikuwa daiodi moja. Karatasi yetu ikastahimili. Transfoma ikaungua polepole, huenda kijana alipokuwa akiwaaga wenye shughuli kwa heshima na kukunja nyaya.

Tulikuwa tumekwisha kuyajua hayo saa tatu ya usiku ule. Kijana alikuwa nyuma ya nyumba akisoma kwa taa ya mwanga wa jua. Ilitupasa kuinuka na kwenda. Hatukuinuka. Tuliiondoa karatasi katika fyuzi, tukaikunja, tukaitia katika mfuko wa shati. Kisha, tena hili twalisema kwa aibu, tukaanza kuitafutia sabufa kosa jingine. Tulifikiri: huenda chipu ya sauti nzito nayo imekufa, na chipu huweza kufa kwa sauti kubwa, ikiwa imekufa, basi kijana anayo sehemu yake, na sisi tunayo yetu, tutagawana. Tukaifungua chipu ile katika bati lake, tukaiyeyushia risasi miguu yake mitano, tukaing'oa, ingawa hakuna kipimo kilichotuambia tuing'oe.

Spika kubwa tuliijaribu kwa njia ya haraka, ambayo hata asiye na mita aweza kuitumia: kwa betri moja ya tochi, ya volti moja na nusu. Ukigusisha nyaya zake kwa kitambo kidogo, kifua cha spika husogea na kulia "tup." Ikilia, waya wake wa ndani haujakatika. Ililia.

Kesho yake tukaenda mjini kwa muuza vipuri, mtu tofauti na yule fundi wa kwanza, kijana mwenye kibanda kilichojaa sabufa zilizokufa. Tukampa chipu aipime. Ilikuwa TDA2030A, namna iliyomo katika sabufa nyingi, naye alikuwa na kibao chake cha kujaribia. Akaichomeka, akaunganisha spika, ikalia vizuri. Akasema, "Mwalimu, hii nzima." Tukamwomba aijaribu tena. Akatutazama, akaijaribu tena, ikalia tena. Mtu mwingine angalifurahi kuokoa bei ya chipu.

Tukanunua transfoma kuukuu iliyotolewa katika sabufa nyingine, ya volti 12 kwa 12, Ampea 3, baada ya kuipima mbele yake. Na daiodi nne za 1N5408, kapasita mbili mpya, na fyuzi tano za nusu Ampea. Vyote pamoja vilikuwa shilingi 29,500. Tulipotia mkono mfukoni kulipa, fedha tulizozitoa zilikuwa zile za kuku.

Siku ya Jumatano tulilehemu. Kazi hiyo haina habari nyingi. Jambo la kuangalia ni kwamba kapasita ina mstari ubavuni uonyeshao mguu wa hasi, na daiodi ina pete ionyeshayo upande wa kutokea umeme. Ukizigeuza, kapasita hupasuka kwa mshindo. Tena chuma kisikae sana juu ya kibao, maana njia za shaba hubanduka. Tulirudisha chipu mahali pake, tukakaza skurubu yake katika bati la kupoozea, tukalala.

Alhamisi jioni tukaja kwenye jaribio lenyewe. Mtu akimaliza kutengeneza hupenda kuchomeka plagi papo hapo, akafumba macho. Iko njia bora. Chukua globu ya zamani, ile ya uzi wa kuwaka, ya wati 60, uiunge katika njia ya umeme hivi kwamba kila kinachokwenda kwenye sabufa kipitie kwanza ndani ya globu. Kwa volti 230 globu hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya robo ya Ampea. Ukiwasha, na mashine ikiwa nzima, globu humweka mara moja kapasita zikijazwa, kisha hufifia. Ikiwa mna mahali palipogusana, globu huwaka kwa nguvu zake zote, na hakuna kiunguacho. Globu za namna hiyo siku hizi ni adimu, kwa kuwa watu hununua zile zisizokula umeme. Lakini mwenye nayo asiitupe.

Tukawasha. Globu ikawaka kwa nguvu zake zote.

Tukazima, tukachomoa, tukakagua. Daiodi sawa. Kapasita sawa. Tukakagua tena kwa darubini ya mkono ya maabara, tukitafuta tone la risasi lililounga njia mbili. Hapakuwa na tone. Saa ikapita. Watoto wakala, wakalala. Jasho likatutoka, wala haukuwa usiku wa joto.

"Mjomba."

Mpwa wetu alikuwa amesimama mlangoni. Tangu Novemba hakuwa ameikaribia meza ile. Akasema, "Kile kikaratasi kinachong'aa, kilicho kwenye kisahani, hakikuwa chini ya chipu?"

Tukatazama kisahani cha skurubu. Kilikuwamo kipande cha ulanga, chembamba kama ganda la kitunguu. Tumbo la chuma la chipu ile limeungana na mguu wake wa tatu, ambao huchukua umeme wa upande wa hasi. Na bati la kupoozea limeungana na waya wa katikati wa mashine. Kati yake lazima pakae ulanga, ambao hupitisha joto na kuzuia umeme. Ni jiwe lile lile lililochimbwa zamani katika milima ya Uluguru, tena tumelieleza darasani mara nyingi. Tulipoirudisha chipu hatukuuweka. Kuharibika kwa jaribio lile kulitokana na kuing'oa chipu isiyo na kosa. Nasi tuliing'oa kwa sababu mnazozijua.

Tukauweka ulanga, tukakaza, tukawasha. Globu ikamweka, ikafifia, ikazimika. Tukapima: volti 16 upande wa chanya, volti 16 upande wa hasi, na kwenye waya wa spika karibu sifuri, kama ipasavyo. Spika haikuvuma. Nyuki wote walikuwa wamekwenda.

Kijana alikuwa bado mlangoni. Tukamwambia aje aketi. Tukatoa ile karatasi mfukoni mwa shati, tukaiweka juu ya gunia, tukamweleza ilikuwa mahali gani, na nani aliyeiweka, na siku gani, na ilifanya nini usiku wa kipaimara. Tukamweleza na habari ya kapasita, kwamba neno lake juu ya mvumo lilikuwa kweli. Tukamwambia kwamba kosa ni letu, yeye hana sehemu, na kwamba fedha zake zitarudi zote mshahara utakapoingia. Nazo zilirudi tarehe 25. Krismasi hatukuwa na la kuirudisha, naye Pasaka ile alikwenda kwao kwa nauli yetu, akakaa siku tatu zaidi ya ruhusa ya shule, nasi tukamwandikia barua ya udhuru.

Usiku ule alisikiliza mpaka mwisho akiitazama karatasi. Kisha akauliza, "Mjomba, ulijua lini?"

Tukajibu, "Jumatatu."

Akahesabu kimya, tuliona midomo yake ikisogea kidogo. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Hakusema neno. Mama watoto, aliyekuwa jikoni, aliacha kuosha vyombo, na nyumba nzima ikawa kimya.

Baada ya kitambo akachukua fyuzi moja mpya, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Hii ni ya ngapi?" Tukamwambia, nusu Ampea. Akaitia mwenyewe katika holda, akaikaza. Kisha akaomba kalamu yetu nyekundu ya kusahihishia, akaandika nyuma ya sanduku, karibu na tundu la fyuzi, kwa herufi kubwa: FYUZI 0.5A, SI KARATASI. Tukaifunga sabufa pamoja, skurubu nne yeye na nne sisi. Akaiwasha, akakizungusha kitufe hata karibu na nusu, akakiacha hapo, tukasikiliza mwisho wa taarifa ya habari.

Alipokwenda kulala aliichomeka simu yake katika soketi ya sebuleni.